Wakenya mlio Marekani, msikimbilie kufunga krediti kadi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwa simu kila asubuhi nikitoka shifti, niko huku Minnesota miaka mingi sasa, na naomba nafasi niongee na Wakenya wenzangu walio Marekani na wale wanaojiandaa kuja juu ya haya mambo ya krediti kadi, maana naona watu wetu wakiumia bure.

Wiki jana dada mmoja tunayefanya naye kazi kwenye makao ya wazee alimaliza kulipa deni la kadi yake ya kwanza kabisa, akafurahi mpaka akanionyesha kwa simu, akasema sai anapigia benki aifunge asione hilo deni tena maishani. Nikamwambia dada tafadhali ngoja kwanza. Nilimsihi hivo kwa sababu mimi yalinipata.

Mwaka 2021 nilikuwa na kadi mbili, ya kwanza ilikuwa na limiti ya dola 6,000 na deni lake nilikuwa nimelipa lote, ya pili limiti dola 2,000 na hapo nilikuwa nadaiwa dola 1,200. Nikaifunga ile ya kwanza nikijua nimefanya la maana. Wiki chache baadaye nikaenda kuchukua gari kwa mkopo, riba niliyopewa ikawa juu sana kuliko ile niliyokuwa nimeambiwa mwanzoni, na mimi sijachelewesha malipo hata siku moja! Kumbe huku hawaangalii tu unadaiwa ngapi, wanalinganisha na kile ulichoruhusiwa kukopa. Kabla sijafunga nilikuwa nimetumia dola 1,200 kati ya 8,000, hiyo ni asilimia 15. Nilipofunga ikawa 1,200 kati ya 2,000, asilimia 60, yaani deni ni lile lile, sijaongeza hata senti, lakini kwa karatasi naonekana mtu aliyebanwa mpaka shingoni. Na hicho kipengele cha madeni kinabeba kama asilimia 30 ya skoo ya FICO, yaani ile alama wakopeshaji wa huku wanayoangalia kabla ya kukukopesha, kinachokipita ni kulipa kwa wakati tu ambako ni 35.

Nadhani hii shida tunatoka nayo nyumbani. Kwetu CRB, hao wanaoweka rekodi za wanaodaiwa, ni jina la kuogopwa, mtu akitafuta kazi ya serikali anahangaikia cheti cha kuonyesha hajaorodheshwa, kwa hivo akilini mwetu mtu safi ni yule asiye na rekodi kabisa. Huku asiye na rekodi ni kama mgeni asiye na mwenyeji, hakuna wa kumsemea, na ndo maana wengi wetu tulianza na ile kadi ya kuweka dipoziti ya dola 200 au 300 ndo benki ikuamini. Hiyo kadi ndo imekujengea jina, halafu unaifunga ya kwanza kabisa.

Sasa kuna watu wanatia wenzao hofu ati ukifunga kadi ile miaka yote inafutika siku hiyo hiyo. Si kweli. Kadi iliyofungwa ikiwa haina doa inaweza kukaa kwa ripoti yako ya mikopo mpaka miaka 10, na FICO inaendelea kuhesabu umri wake muda wote huo, shida inakuja ikishatoka, hapo kama kadi zako zingine ni changa utaiona tofauti. Na kuna wale wanaofunga kadi wakidhani kwamba kama waliwahi kuchelewa kulipa hilo kosa litafutika, hapana, hilo linabaki mpaka miaka 7 hata ufunge. Na kuikata kadi na makasi si kuifunga, akaunti iko tu.

Sisemi mtu akae na kadi milele. Kama inakukata ada kila mwaka na huitumii, piga simu kwanza uulize kama wanaweza kukubadilishia iwe kadi isiyo na ada, mara nyingi akaunti inabaki ile ile na miaka yake. Wakikataa, au kama ukiwa na kadi mfukoni huwezi kujizuia dukani, basi ifunge, amani yako ni bora kuliko skoo. Lakini lipa madeni ya kadi zingine kwanza, na usifunge ukiwa karibu kuomba mkopo wa nyumba au gari. Na kwa aliyeshafunga asikate tamaa, mimi nilipolipa ile 1,200 skoo ilipanda tena bila kufanya kitu kingine. Ripoti yako pia unaweza kuiangalia bure kila wiki kwa annualcreditreport.com, zote tatu, za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazoweka rekodi za mikopo huku, na kujiangalia mwenyewe hakupunguzi skoo, nimesikia watu wakiogopa hilo.

Yule dada hakuifunga. Kwa sababu kadi ikikaa bila kazi benki inaweza kuifunga yenyewe, tulikaa kwa brek tukaiwekea bili yake ya simu, dola 35 kwa mwezi, na inajilipa yenyewe kutoka akaunti yake ya benki kila tarehe 5.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani