Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Steshenari, Mtwara, 2025: Mashine Imejua Kuandika Barua

Ndugu wanachama wenzangu,

Nianze na yale mafupi. Vikao tumefanya kama katiba inavyotaka, isipokuwa kile cha robo ya tatu, ambacho kiliahirishwa kwa sababu karibu sote tulikuwa tumezingirwa na maombi ya mikopo ya wanafunzi. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini mwenyewe. Mashine ya kudurufu tuliyonunua kwa pamoja bado inafanya kazi, ingawa kelele zake mnazijua. Wenzetu wawili wamefunga ofisi, mmoja wa Chuno na mwingine wa Mikindani. Wa Chuno amehama. Wa Mikindani amefunga kwa sababu ambayo ndiyo itakula muda wetu leo.

Aliniambia hivi: "Mama Mwenyekiti, watu hawaji tena kuandikiwa barua. Wanakuja na simu, wanasema niprinti tu."

Sote yametufika. ChatGPT ilitoka mwishoni mwa Novemba 2022, na hatukuitilia maanani. Sasa kijana anakaa kibarazani kwako Ligula, anaiambia simu anataka kazi gani, na barua ya maombi inatoka kabla kompyuta yako haijamaliza kuwaka. Wewe unabaki na karatasi na wino. Faida ya karatasi na wino mnaijua kuliko mimi.

Kamati ilipokaa kulijadili hili, tulivutana. Wapo waliotaka chama kinunue akaunti ya kulipia ya akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, tuitumie kwa zamu. Wapo waliotaka mwanachama apigwe marufuku kabisa kumwandikia mteja kwa mashine. Mimi nilikuwa upande wa marufuku, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nilikosea.

Aliyenigeuza ni afisa ugani aliyekuja kutoa kopi za fomu zake. Alinionyesha Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kulitazama jani. Inajua Kiswahili, na shambani haihitaji intaneti. Watafiti waliipima na mwaka 2020 wakachapisha matokeo. Kwa jani moja ilipatia asilimia 65, maafisa ugani wakapatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Nilimuuliza kama hayo hayamuumi. Akacheka, akaniambia nisome mpaka mwisho. Ukiipa majani sita ya mmea badala ya moja, inapanda na kufika kati ya 74 na 88. "Sasa mama," akasema, "nani anainama kuyatafuta hayo majani sita?"

Siku ile niliacha kuwaambia wanachama kwamba mashine haiwezi. Inaweza, na pengine inatushinda. Niliacha pia kuamini kwamba kazi yetu ilikuwa kuandika.

Mtaniwia radhi nikirudia kisa ambacho baadhi yenu mlikishuhudia. Mzee mmoja alitoka vijiji vya Nanyamba akaingia katika ofisi ya mwenzetu karibu na stendi. Akasema, "Niandikie barua ya kumshitaki mtu aliyeng'ang'ania mikorosho yangu." Kijana wa mezani, ambaye yupo hapa na anatabasamu, hakupoteza muda. Aliyaingiza maneno yale kwenye simu, zikatoka kurasa tatu zilizojaa vifungu vya sheria. Akamsomea. Mzee kimya. Kijana akadhani amemfurahisha.

Meza ya pili alikuwepo dada yetu mmoja analaminisha vyeti. Akainua kichwa. "Shikamoo babu. Huyo mtu ni nani yako?"

"Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu."

Kwa mtu wa kwetu jibu hilo linabadilisha kila kitu. Wamakonde, Wamakua na Wayao tumezoea urithi unaopita upande wa mama. Mpwa ndiye anayetazamwa. Ukimshitaki mpwa umebomoa nyumba yako mwenyewe. Dada akaacha kulaminisha, akavuta kiti. Kumbe mzee alimpa kijana shamba alipalilie na kupulizia salfa, naye akafanya hivyo vizuri tu. Msimu sasa ulikuwa unakaribia, na hawakuwa wameelewana korosho zitapokelewa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwa jina la nani, na malipo yataingia akaunti ya nani. Mzee alikuwa anaona haya kuuliza, na haya ikageuka hasira.

Barua iliyotoka mwisho ilikuwa nusu ukurasa, ya kuwaita wakubwa wa ukoo wakae. Mzee alilipa, kisha akaomba zile kurasa tatu zichanwe mbele ya macho yake. Baadaye tulivifuatilia vile vifungu. Viwili vilikuwa vinahusu mambo mengine kabisa. Na msidhani ni ugeni wetu tu wa teknolojia: mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Hao ni watu waliosomea sheria.

Sasa tazameni alichofanya yule dada. Hakujua sheria kuliko mashine, wala haandiki kwa kasi kuliko yule kijana. Aliuliza swali la maneno matano, kwa sauti ambayo mzee angeweza kuijibu bila kudhalilika. Simu haikuuliza kwa sababu iliambiwa iandike, ikaandika.

Ndiyo maana fedha za mafunzo, ambazo miaka yote tumezitumia kwa Eksel na Fotoshopu, mwaka huu tulizitumia kujifunza kumsikiliza mteja. Tulifanya Jumamosi tatu. Watu wawili wawili, mmoja mteja, mwingine karani, na karani haruhusiwi kugusa kibodi kwa dakika tano za kwanza. Najua mlisema pembeni kwamba Mama Mwenyekiti ametuleta kwenye maigizo. Wengine mlisema wazi, nawashukuru. Hoja yenu kwamba mteja ana haraka ni ya kweli. Foleni ya mikopo ikifika mtaani, hakuna wa kukaa dakika tano akisikiliza habari za mtu.

Lakini kwenye foleni hiyo hiyo ndiko swali lililipa zaidi. Mwanafunzi anakuja, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ally, cha kidato cha nne kimeandikwa Ali. Programu itamjazia fomu vizuri sana kwa jina lolote atakalolitaja. Mwenye steshenari aliyezoea kuuliza, "Vyeti vyako vyote vina jina moja?" humrudisha mtoto nyumbani mapema, akashughulikie jina lake kwanza. Swali hilo ni la sekunde tatu, na linaweza kuokoa mwaka mzima.

Kuhusu lugha ya barua niseme kidogo. Mtu wa ofisi moja, siitaji, alitunong'oneza kwamba alipokea rundo la maombi ya kazi yaliyoanza yote kwa "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema." Waombaji tofauti, sentensi moja. Tulicheka sana kikaoni. Kisha mwanachama mmoja akatukumbusha kwamba sisi wenyewe kwa miaka yote tumewaandikia watu "YAH: MAOMBI YA KAZI", chini yake "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na hatukuwahi kubadilisha neno. Kicheko kikakauka. Mashine imetushinda kirahisi hapo kwa sababu na sisi tulikuwa tunafanya kazi kama mashine. Barua iliyompatia kazi binti mmoja wa Shangani mwaka huu ilieleza tu jinsi alivyokuwa akitunza daftari la mizani la ghala la baba yake mdogo tangu akiwa darasa la saba. Hilo halikuwa kwenye simu yake. Lilitoka alipoulizwa, "Nyumbani huwa unafanya kazi gani?"

Jambo linaloninyima usingizi ni vijana tunaowafundisha kazi. Agosti mwaka huu ulichapishwa utafiti wa vituo vinne vya Poland, vya madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Kabla vituo havijaanza kutumia akili unde, madaktari waligundua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani katika asilimia 28.4 ya uchunguzi wao. Baada ya kuizoea, walipofanya uchunguzi bila mashine, waligundua katika asilimia 22.4. Ni utafiti mmoja, tusiufanye msahafu. Lakini kama daktari mzoefu anaweza kupungua makali kwa miezi michache, huyu wa kwetu wa miaka kumi na tisa, ambaye makali hajayapata bado, itakuwaje?

Jibu tulilipata kwa ufupi siku zile za mwishoni mwa Oktoba intaneti ilipokosekana. Wenye ofisi waliojua kuandika waliendelea na kazi. Vijana kadhaa walikaa wanatazama kioo. Mmoja alimwambia mteja arudi mtandao ukirudi, kwa barua ya kuomba ruhusa ya msiba!

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia Januari kila anayejifunza kazi kwetu aandike rasimu ya kwanza kwa mkono wake, kwenye karatasi, ndipo aipeleke kwenye mashine kama anataka, na aweze kumweleza mwenye ofisi ni wapi mashine imeboresha na wapi imeharibu. Najua karatasi ni ghali. Tumieni za nyuma.

Taarifa za wateja: hapa sibembelezi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume yake. Namba ya NIDA ya mtu, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti chake cha hospitali au hati ya talaka haviingizwi kwenye programu ya simu ili "vifupishwe". Ondoa jina, ondoa namba, au andika mwenyewe. Na kabla hatujailaumu akili unde, mfute vyeti vya watu vilivyojaa kwenye kompyuta zenu na flashi mnazoazimana. Nimezunguka ofisi zote, nimeviona.

Kuna ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya Januari mwaka huu inayosema waajiri wanatarajia asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi ibadilike ifikapo 2030. Sidhani kama mwenye steshenari wa Skoya aliulizwa. Angeulizwa angesema kwake umeshabadilika.

Linalobaki ni bei, na ndilo linalohitaji kura zenu. Hadi leo tunatoza kwa ukurasa. Kwa hesabu hiyo, zile kurasa tatu zilizochanwa zilikuwa na thamani mara sita ya ile nusu iliyosaidia. Kamati inapendekeza tutenganishe bei: kuchapa na kuprinti ibaki kwa ukurasa, na kuandikiwa kuwe na bei yake, inayohesabu mazungumzo, hata kama mteja ataondoka bila karatasi yoyote. Mjumbe mmoja wa kamati anapinga, na nimempa nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Anasema mtu wa Mtwara hatalipa fedha kwa kuulizwa maswali. Inawezekana. Yule mzee wa Nanyamba alilipa, lakini alipewa barua.

Makadirio ya bei yapo ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Karibu, ndugu mjumbe.