Tuwatetee madaktari, lakini tusiwafunge midomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu hoja ambayo hujirudia kila inapotoka habari ya mama aliyefariki akijifungua, au ya mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo. Hoja yenyewe ni kwamba wakili anayesimama mahakamani kumtetea daktari au hospitali ameamua kuwa upande wa mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Mimi ni mmoja wa mawakili hao. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa mashauri ya madai yanayofunguliwa dhidi ya madaktari, wauguzi, wakunga na wafamasia, na mara chache dhidi ya wahandisi na wakaguzi wa hesabu wanaodaiwa kuwatia wateja wao hasara kwa uzembe. Ninaiheshimu kazi hii na ninaamini ni kazi ya haki. Hata hivyo, katika namna tunavyoifanya kuna desturi moja inayowaumiza wagonjwa na wateja wetu kwa pamoja, ile ya kumwambia mteja asiieleze familia kilichotokea, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Anayedai fidia kwa uzembe wa kitabibu anatakiwa kuthibitisha, kwa mizania ya uwezekano (yaani kuonyesha kwamba anachodai kina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli), kwamba mtabibu alikuwa na wajibu wa uangalizi kwake, kwamba alikiuka wajibu huo, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. La kwanza kwa kawaida halina ubishi. Mvutano wote huwa kwenye la pili na la tatu. Kipimo kinachorejewa sana katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, yetu ikiwemo, kinatokana na shauri la Bolam la mwaka 1957: daktari hahesabiwi kuwa mzembe ikiwa alichofanya kinakubaliwa na kundi la wataalamu makini wa fani yake, hata kama wapo wengine ambao wangefanya tofauti. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, majaji wa Uingereza waliongeza sharti kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yawe na mantiki, ili wanataaluma wasilindane kwa kusema tu kwamba hivyo ndivyo wote hufanya.

Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kufa bila mtu yeyote kuwa mzembe. Maji ya uzazi yanaweza kuingia katika mzunguko wa damu ya mama, na akapoteza maisha kwa muda mfupi mbele ya timu iliyofanya kila lililowezekana. Mkunga aliyekuwepo akifikishwa mahakamani kwa kifo hicho anahitaji mtu wa kueleza hayo kwa ushahidi, kwa sababu majonzi ya familia, ambayo ni ya kweli kabisa, hayawezi kuchukua nafasi ya ushahidi. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipasuliwa kinyume, wa goti akafunguliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Mkasa wa namna hiyo hauna cha kubishaniwa mahakamani isipokuwa kiasi cha fidia, na wakili anayemshauri mteja wake abishane zaidi ya hapo anamdhulumu mgonjwa na mteja pia.

Mashauri mengi hayako wazi kiasi hicho. Niliwahi kumtetea mkunga wa hospitali moja ya wilaya, katika shauri la mtoto aliyezaliwa bila kulia na ambaye sasa hawezi kukaa wala kushika kijiko. Sehemu kubwa ya shauri lile ilihusu karatasi moja, yaani patografu, ambayo wakunga hujaza tangu uchungu unapokolea: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, nguvu ya uchungu, na kufunguka kwa njia ya uzazi kila baada ya saa 4. Karatasi ile ilikuwa imejazwa vizuri hadi saa nane usiku. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja alfajiri haikuwa na alama hata moja. Wakili wa wadai, katika maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humwuliza shahidi ili kuupima ushahidi wake, alimwuliza mkunga swali ambalo ningeliuliza mimi mwenyewe: kama hukuandika, Mahakama ijuaje kwamba ulipima?

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa peke yake zamu ile, na katika saa hizo mama mwingine alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, naye akawa amesimama kitandani kwake akilikandamiza tumbo la uzazi kwa mikono yake miwili, akipeleka sikio kwa mama wa kwanza kila alipopata mwanya. Hakuna mahali alipoyaandika hayo. Kilichomsaidia ni rejesta ya wodi ya wazazi, iliyoonyesha akina mama waliojifungua saa hizohizo, na kitabu cha maabara kilichoonyesha damu iliyoombwa usiku ule. Shahidi mtaalamu naye alieleza kwamba dalili za mtoto kuchoka zilikuwepo tangu mama alipopokelewa kwa rufaa kutoka kituo cha afya. Madai yalitupwa kwa sababu haikuthibitika kwamba pengo lile la saa 3 ndilo lililomdhuru mtoto.

Hapa niwaambie watabibu wanaosoma barua hii jambo ambalo huwaambia wateja wangu siku ya kwanza. Jalada lenye pengo linaweza kuelezwa. Jalada lililojazwa baada ya tukio, kwa kalamu moja, mwandiko usiobadilika na saa zote zikiangukia kamili au nusu, haliteteeki, kwa kuwa jaji akishaona kwamba ukurasa mmoja umetungwa hataamini hata ule ulioandikwa kwa uaminifu.

Lakini lililonigusa zaidi katika shauri lile ni kwamba familia ilisikia habari za mama aliyekuwa akitokwa na damu kwa mara ya kwanza ikiwa imeketi kwenye benchi la mahakama. Baada ya mtoto kuzaliwa waliuliza wodini wakaambiwa wamsubiri daktari. Daktari akawaelekeza kwa mganga mfawidhi, na huko wakaambiwa faili linafanyiwa kazi. Walipoleta barua ya wakili kila mtu alinyamaza kabisa, na aliyeshauri ukimya huo alikuwa mwanasheria. Baba wa mtoto alinieleza nje ya mahakama, bila hasira, kwamba alikuwa ameamini miaka yote hiyo kuwa mkunga alikuwa amelala.

Ushauri wa kunyamaza una chimbuko linaloeleweka. Sheria ya ushahidi huruhusu kauli ya mtu ya kukiri itumike dhidi yake, na mikataba mingi ya bima ya dhamana ya kitaaluma, ile inayomlipia mtaalamu anapodaiwa fidia, ina kifungu kinachomkataza mwenye bima kukiri jambo lolote bila idhini ya kampuni. Wakili mwangalifu, akiyaona hayo, humwambia mteja asiseme neno. Mteja naye, ambaye mara nyingi analia chumbani kwake kwa yaliyotokea, anampita mama wa marehemu kwenye korido kama hamjui. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe tunausikia katika masijala za mahakama.

Yupo wakili mmoja wa Marekani ambaye maisha yake ya kazi yanastahili kujulikana na sisi tulio katika fani hii. Richard Boothman alitumia zaidi ya miaka 20 akiwatetea madaktari na hospitali mahakamani, kazi ileile ninayoifanya mimi. Mwaka 2001 aliajiriwa na hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, na huko akaweka kanuni tatu: kwanza, uangalizi usiofaa ukimdhuru mgonjwa, alipwe haraka na kwa haki; pili, uangalizi ukiwa ulikuwa sahihi, watumishi watetewe kwa nguvu zote; na tatu, kila tukio litumike kurekebisha huduma. Ili kanuni hizo zifanye kazi ilibidi hospitali ichunguze tukio mapema, ikutane na mgonjwa au familia pamoja na wakili wao, na kueleza kilichotokea, hata pale maelezo yalipokuwa machungu kwa hospitali yenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine. Madai mapya kwa mwezi yalishuka kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa, na mashauri yaliyofika mahakamani yalishuka kutoka 2.13 hadi 0.75. Muda wa kati wa kumaliza dai, yaani ule ambao nusu ya madai humalizika kabla yake na nusu baada yake, ulipungua kutoka miaka 1.36 hadi 0.95. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba si punguzo lote linaloweza kuhesabiwa kuwa ni la mpango huo, kwa kuwa madai yalikuwa yakipungua katika jimbo zima la Michigan wakati huo. Kwangu mimi inatosha kujua kwamba hofu kubwa ya mawakili wa utetezi, kwamba ukisema ukweli utafunguliwa mashauri mengi zaidi, haikutimia.

Michigan ilikuwa na nyenzo moja ambayo na sisi tunayo. Sheria ya jimbo hilo inamtaka mgonjwa atoe notisi ya siku 182 kabla ya kufungua shauri la uzembe wa kitabibu, na hospitali iliamua kuutumia muda huo kuchunguza na kuzungumza. Hapa Tanzania, anayetaka kuishtaki Serikali, na hospitali zetu nyingi ni za Serikali, anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Katika notisi nilizozishuhudia, siku hizo hupita bila mtu kumwita mkunga kumwuliza, bila kulisoma jalada, na bila kuijibu familia hata mstari mmoja. Familia ikienda Baraza la Madaktari Tanganyika inaweza kupata uamuzi wa nidhamu, lakini suala la fidia linabaki kuwa la mahakama, na safari inaanza upya.

Uingereza ilikwisha kushughulikia hofu ya kukiri. Sheria yake ya fidia ya mwaka 2006 inasema kwamba kuomba radhi, au kujitolea kumtibu au kumsaidia aliyeumia, peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe, na tangu mwaka 2014 hospitali za umma za England zina wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa ukweli pale huduma inapomdhuru. Nashauri Bunge letu liweke kifungu cha namna hiyo, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ivitazame upya vifungu vinavyomkataza daktari kumweleza mgonjwa wake kile ambacho yeye mwenyewe anakijua kuwa ni kweli. Kueleza tukio ni jambo moja, na kukubali dhima ya kisheria ni jambo jingine. Mkataba wa bima ulioandikwa vizuri unaweza kulizuia la pili bila kuliziba la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mikutano ya namna hii itazigeuza familia maskini kuwa mawindo, waitwe ofisini, wapewe bahasha na karatasi ya kusaini. Hofu hiyo ni ya msingi na siipuuzi. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba familia isikae mezani bila mtu wa kuishauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, na hospitali iwe na wajibu wa kuijulisha familia kwamba wapo kabla ya mazungumzo yoyote ya malipo. Maridhiano yakifikiwa yasajiliwe mahakamani, ambako hakimu au jaji ataona kiasi kilicholipwa na sababu zake, hasa pale aliyedhurika anapokuwa mtoto ambaye atahitaji uangalizi maisha yake yote.

Haya hayatatunyima kazi sisi mawakili wa utetezi, na hata kama yangetunyima, isingekuwa sababu ya kuyakataa. Mkunga yule angehitaji wakili kwa vyovyote, wa kuandika taarifa yake mapema kumbukumbu ikiwa bado mbichi, kumtafuta shahidi mtaalamu, na kuketi kando yake siku ya kuzungumza na wazazi. Alichopata badala yake ni miaka ya kuripoti mahakamani huku akiendelea kuzalisha wodini, akikutana sokoni na ndugu wa mtoto na asiruhusiwe kuwaambia usiku ule ulikuwaje.

Naiomba Wizara ya Afya, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali na Chama cha Madaktari Tanzania wakae pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika, waandike mwongozo wa namna hospitali itakavyozitumia siku 90: nani atalifunga jalada lisiguswe siku notisi inapopokelewa, nani atamhoji mtumishi, ndani ya siku ngapi familia itapewa maelezo ya maandishi, na nani atakuwepo yatakaposomwa. Mwongozo huo hauhitaji kusubiri Bunge, na unaweza kuanza na notisi ambazo leo ziko kwenye meza za waganga wafawidhi bila kujibiwa.

Wako,
Wakili wa kujitegemea,
Mwanza