Zimwi wa pangoni na ngazi 5 za babariani: ni CR 5 au CR 6?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Mbale. Tunacheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano kwa sheria za 2014, na kampeni yetu iko kwenye mapango ya Mlima Elgon. Wachezaji ni wanne, wote ngazi ya 4. Mimi ndiye msimamizi wa mchezo, na bwana wa pango nataka awe zimwi mwenye ngazi 5 za babariani (klasi ya mpiganaji wa ghadhabu), apambane nao peke yake. Kinachonikwamisha ni hesabu ya CR, yaani kiwango cha ugumu wa kiumbe.

Nianze na yasiyo na ubishi. Zimwi wa kitabuni ni CR 2: uhai 59 (7d10+21, yaani dadu saba za pande kumi na kuongeza 21), AC (ugumu wa kumpiga) 11, rungu la shabaha +6 linaloumiza 2d8+4. Kila ngazi ya klasi humwongezea dadu moja ya uhai, lakini dadu hiyo hufuata ukubwa wa kiumbe. Kwa hiyo ni d10, si d12 ya babariani. Wengi huteleza hapo. Nyongeza ya ustadi nayo hufuata CR, haifuati ngazi. Nyongeza ya sifa ya ngazi ya 4 nimeigawa: Nguvu kutoka 19 hadi 20, Ustahimilivu kutoka 16 hadi 17. Sasa ana 12d10+36, wastani 102. Bila vazi la vita AC yake ni 12, bora kuliko ngozi aliyokuwa nayo. Anapiga mara mbili kwa zamu, na akiwa na ghadhabu kila pigo ni wastani wa 16, jumla 32.

Upande wa mashambulizi hauna shida: kwenye jedwali la mwongozo wa msimamizi, 32 ni CR 4, na +7 yake inazidi +5 inayotarajiwa hapo, basi inapanda hadi 5. (Akifika CR 5 ustadi unakuwa +3, anapiga kwa +8, jibu halibadiliki.)

Upande wa ulinzi ndio mgogoro. Ghadhabu inampunguzia nusu ya madhara ya silaha, na jedwali la vizidisho linataka ujue CR unayoitarajia kabla hujaitafuta. Nikitarajia 4, nazidisha uhai kwa 2: 204, yaani CR 9, na AC duni inaishusha hadi 7. Nikitarajia 5, nazidisha kwa 1.5: 153, CR 6, inashuka hadi 5. Wastani na mashambulizi unatoka 6 au 5. Kwa wanne wa ngazi ya 4, pambano gumu linaanza XP (pointi za uzoefu) 1,500 na la kuua linaanza 2,000. CR 5 ni 1,800. CR 6 ni 2,300. Mpaka unapita katikati kabisa.

Shambulio la papara nimelipima pia kama AC pungufu kwa 4 na shabaha zaidi kwa 4. Kwenye hesabu ya 153 pande mbili zinafutana, inabaki 5.

Wenzangu waliozoea toleo la 3.5 wananicheka: kwao ngazi ya klasi inayoendana na kiumbe ni CR +1, basi. Ni rahisi kweli, ila zimwi wa huko si huyu.

Kuna mawili ambayo jedwali haliyaoni. Mchawi wa ngazi ya 4 mwenye Ustahimilivu 14 ana uhai 26, kwa hiyo mapigo mawili yanamlaza kabla hajarusha chochote. Upande wa pili, uganga wa kicheko wa ngazi ya kwanza unamshika zimwi huyu vizuri mno: Akili yake ni 5, moja tu juu ya kikomo cha wasiodhurika, na Busara 7 inampa -2. Kwa DC 13 (namba ya kufikia ili kuukwepa) anahitaji 15 kwenye d20. Akishindwa anagaagaa chini akicheka, na zamu yake ikiisha hajashambulia wala hajaumizwa, ghadhabu inakatika.

Naomba ushauri: nishike kizidisho kipi? Au niache ngazi zote, nimpe ghadhabu na pigo la pili tu juu ya uhai wake wa 59? Hapo napata kati ya CR 3 na 4, chini ya pambano gumu, na nahofia ataisha raundi ya pili. Na kwa kile kicheko, vibwengo wawili wa CR 1/4 wa kumzindua kwa kumpiga mawe, je, niwahesabu kwenye kizidisho cha idadi ya maadui, au ni wadogo mno kuhesabiwa?

Msomaji wako,
Mbale