Ofa ya Mabati Humfaidi Aliyekwisha Kupima Paa Lake

Msimu wa ofa unapofika, simu za ofisini kwetu huanza kulia mapema kuliko kawaida, na swali huwa lilelile: je, huu ndio wakati wa kununua mabati? Jibu letu huwaudhi baadhi ya wateja, kwa sababu badala ya kusema ndiyo au hapana sisi huwauliza paa lao lina mita ngapi za mraba, mwinamo wake ni nyuzi ngapi, na bati wanalolitaka hufunika upana gani likishalaliana na mwenzake. Asiye na majibu ya maswali hayo matatu bado hajawa tayari kunufaika na punguzo, liwe kubwa namna gani, na huenda angeokoa fedha nyingi zaidi kwa kununua mwezi mwingine kwa bei ya kawaida akiwa na vipimo mkononi.

Tuchukue nyumba ya mfano yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, ambayo ukingo wa paa lake umetokeza sentimita 60 kila upande. Ukilitazama paa hilo kutoka juu, lina urefu wa mita 13.2 na upana wa mita 10.2, yaani mita za mraba 134.6 hivi, na wanunuzi wengi huishia hapo, wakaichukua namba hiyo hadi dukani. Lakini paa halilali kama sakafu. Limeinama, na kadiri linavyoinama ndivyo linavyokula mabati: kwa mwinamo wa nyuzi 20 eneo lilelile hufikia mita za mraba 143, na kwa nyuzi 30 hupita 155. Zaidi ya mita 20 za mraba zimeongezeka hapo bila nyumba kukua hata tofali moja.

Kisha huja upana wa bati lenyewe. Bati linalotangazwa kuwa na upana wa sentimita 90 halifuniki sentimita 90, kwa kuwa mkunjo wa ukingoni ni lazima ulalie mkunjo wa bati la jirani ili maji yasipenye, na kinachobaki kufunika kinaweza kuwa sentimita 80 tu, kutegemea umbo la bati. Kwenye mteremko wenye urefu wa mita 13.2, anayegawa kwa 90 atapata mabati 15, na anayegawa kwa 80 atapata 17. Kwa miteremko miwili, wa kwanza atanunua mabati 30 na wa pili 34.

Mteja wetu mmoja alinunua 30. Ilikuwa siku ya mwisho ya ofa, duka limejaa watu, na hakuona sababu ya kungoja mtu apande juu na futi kamba. Mafundi walipomaliza mteremko wa kwanza na kukaribia mwisho wa ule wa pili, mabati yakaisha, na pengo la karibu mita 2.7 likabaki wazi, kenchi zikitazama anga. Aliporudi dukani, ofa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mabati manne ya kumalizia akayanunua kwa bei kamili, akalipia gari kwa mara ya pili, na siku mbili za mafundi zikapita bila kazi. Lililomuuma zaidi halikuwa fedha. Mabati yale manne yalitoka katika toleo jingine la kiwandani, na wekundu wake ulikuwa umekoza kidogo kuliko wa yale 30, kiasi kwamba ukisimama mbele ya nyumba unaona upande mmoja wa paa kama shati lililotiwa kiraka. Kwa haki, tulipofanya hesabu ya mwisho alikuwa bado amebakiwa na faida ndogo kutokana na ofa. Kiraka nacho kipo mpaka leo.

Tunapopima, hatuishii kwenye eneo. Paa la miteremko minne lina eneo sawa na la miteremko miwili juu ya nyumba ileile, ikiwa mwinamo ni mmoja na kingo zimetokeza sawa, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waandikiwe kwenye karatasi; ila kwenye ile miteremko minne mabati hukatwa mshazari pembeni, vipande vingi hubaki havina kazi, na kofia zinazohitajika kufunika migongo huwa ndefu zaidi. Mwenye paa la namna hiyo aongeze mabati ya akiba, na ayaongeze siku ileile ya ofa, kutoka katika toleo lilelile.

Jambo la pili ambalo tangazo la ofa huliacha kwenye maandishi madogo, au hulinyamazia kabisa, ni unene. Geji, yaani namba inayotumika kutaja unene wa bati, huhesabiwa kinyume na matarajio ya mtu, kwa kuwa namba ikipanda bati huwa jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Tena majedwali ya geji hayalingani, hivyo mabati mawili yenye geji moja kutoka kwa watengenezaji tofauti yanaweza yasiwe na unene mmoja. Ndiyo maana tunawashauri wateja wetu waulize milimita, na waulize pia kama kipimo hicho kimechukuliwa kabla ya rangi au baada ya rangi. Ukimaliza unene, uliza kinga. Alama ya Z275 ina maana kwamba kila mita ya mraba ya bati imepakwa gramu 275 za zinki kwa jumla ya pande zote mbili, na AZ150 ina maana ya gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki, nazo pia kwa pande zote mbili. Bati la Z100 lina zinki chini ya nusu ya ile ya Z275, hata kama yamepakwa rangi moja na kupangwa kwenye rafu moja. Punguzo la asilimia 20 kwenye bati lenye kinga nusu si punguzo, na muuzaji mwaminifu hatachukia ukimwambia hivyo.

Hesabu ya asilimia nayo ina mitego yake. Tuseme mabati ni nusu ya gharama zote za kazi, na nusu nyingine ni mbao, skrubu, kofia, gata, usafiri na ufundi. Punguzo la asilimia 20 kwenye mabati peke yake litakuwa limekupunguzia asilimia 10 tu ya kazi nzima, na kama duka limefidia kwa kupandisha bei ya kofia na skrubu, hata hiyo 10 inaweza kuyeyuka. Ukiambiwa kuna punguzo la asilimia 20 na juu yake jingine la asilimia 10, usijumlishe 30, kwa sababu lile la pili hukatwa kwenye bei iliyokwisha kupungua, na jumla yake ni 28. Ipo pia hila ya zamani ya kupandisha bei wiki chache kabla ya ofa ili baadaye ishushwe kwa vigelegele. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Mei 2022 inamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, mnunuzi ajitungie yake: apite dukani miezi miwili kabla, aombe ankara ya makadirio yenye tarehe, na aihifadhi.

Tukifika kwenye misimu yenyewe, ni vyema mteja ajue kwa nini bei hushuka, maana sababu tofauti huleta hatari tofauti. Ipo ofa ya kazi kupungua, ambayo huja mvua au baridi ikishakolea na watu wakaacha kujenga. Hii ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu bidhaa ni zilezile na kilichobadilika ni idadi ya wanunuzi tu. Sisi wenyewe hupunguza gharama za ufundi wakati huo, kwa sababu fundi aliyekaa bila kazi bado ana familia ya kulisha, na ni afadhali kwetu kufanya kazi yenye faida ndogo kuliko kungoja. Ipo ofa ya kufunga hesabu za mwaka, ambapo muuzaji anataka stoo ibaki na mzigo mdogo. Na ipo ofa ya kumaliza rangi au umbo la bati ambalo kiwanda kimeacha kulitengeneza. Hiyo ya mwisho huwa na punguzo kubwa kuliko zote, nasi hatumkatazi mtu kuifuata, ila anunue mabati mawili matatu ya akiba pamoja na kofia, kwa kuwa tawi la mti likianguka juu ya paa miaka mitano baadaye hatapata la kufanana nalo popote. Wakati mbaya kuliko wote ni wiki za mwisho kabla ya mvua kuanza, na siku zinazofuata dhoruba kubwa, ambapo kila mwenye paa bovu amekumbuka kwa pamoja.

Kwa kuwa msimu wa bei nafuu mara nyingi si msimu mzuri wa kupanda juu ya paa, siri kubwa ya kuokoa fedha ni kutenganisha siku ya kununua na siku ya kuezeka. Mabati, kofia, gata na skrubu vinaweza kununuliwa mapema vikasubiri. Silikoni na rangi vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na vinavyouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi vimeikaribia. Mbao zinazonunuliwa mbichi au zikiwa zimelowa husinyaa na kupinda zikikauka, skrubu zikalegea, kwa hiyo zisipigwe papi, yaani zile mbao za kushikizia mabati, mpaka zikauke. Vigae vya lami, ambavyo hugandana kwa gundi inayolainishwa na joto la jua, havishikani vizuri vikipigwa kwenye baridi kali.

Kusubiri huko kuna kanuni zake, na hapa tumeona mali nyingi ikiharibika kwa nia njema. Mtu hununua mabati ya ofa, huyalaza chini uani, huyafunika kwa turubai na kulikaza pande zote kwa mawe ili mvua isiingie, kisha huyaacha miezi mitatu. Unyevu wa ardhini hupanda, hunaswa kati ya bati na bati pasipo hewa, na zinki huanza kuliwa ikitoa ungaunga mweupe ambao mafundi huuita kutu nyeupe. Siku ya kuezeka inapofika, bati la juu linang'aa na yaliyo chini yake yana mabaka kama ukuta uliomwagikiwa chokaa. Mabati yawekwe ndani ikiwezekana, juu ya vipande vya mbao vinavyoyainua kutoka chini, upande mmoja ukiwa juu kidogo ili maji yoyote yatiririke, na kama ni lazima yakae nje, turubai liachwe wazi kwenye ncha zote mbili ili hewa ipite. Yakija yakiwa yamelowa, yatenganishwe na kukaushwa siku hiyohiyo. Utando wa nailoni unaolinda rangi ubanduliwe mapema, kwa sababu ukipigwa na jua hugandamana na bati na kuutoa huwa adhabu.

Kuna kazi ambazo hazistahili kungoja ofa ya aina yoyote. Paa linalovuja juu ya nyaya za umeme na kenchi zilizooza zishughulikiwe mara moja, hata kwa kiraka cha muda. Kwa upande mwingine, mtu asikimbilie kununua paa zima kwa sababu tu kuna ofa, wakati tatizo lake ni skrubu. Ingia darini mchana wa jua kali, zima taa, utazame juu: tundu lolote linalopitisha maji kwa kawaida huonekana kama nukta ya mwanga, na mara nyingi nukta hizo hujipanga kwenye mistari ya skrubu ambazo washa zake za mpira, yaani vile vipete vya chini ya kichwa cha skrubu, zimepasuka kwa jua. Kuzibadilisha skrubu hizo, pamoja na kuziba maungio ya paa na ukuta, kunaweza kukupa miaka kadhaa ya kulipangia paa jipya bila haraka.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama bei ya ofa inaweza kushikiliwa kwa malipo ya awali, na kwa siku ngapi. Kama mabati yanayobaki hupokelewa tena, kwa kuwa bidhaa nyingi za ofa hazirudishwi. Na kama dhamana huanza kuhesabiwa siku ya kununua au siku ya kuezeka, jambo lenye uzito kwa anayenunua leo na kuezeka miezi minne baadaye. Majibu yote yaandikwe kwenye ankara.

Wateja wetu wanaotaka kutumia msimu ujao wa ofa watuite sasa, wakati mafundi wana nafasi. Tutapima urefu, upana, mwinamo na kingo, tutahesabu mabati, kofia, skrubu na gata kwa umbo la bati ulilolichagua, na tutakuachia karatasi hiyo ikiwa na gharama za vifaa na za ufundi katika safu tofauti. Karatasi ni yako, hata ukienda kununua vifaa kwingine.