Andikeni mwaka picha ilipochorwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Makala za kuhusu Uholanzi ya karne ya 17, ile enzi ya wachoraji Rembrandt na Vermeer, siku hizi zinabandikwa picha za karne ya 19 bila maelezo yoyote, na msomaji akishaona kofia ya manyoya, buti ndefu na upanga kiunoni anaamini kabisa kwamba mchoraji alikuwepo akiangalia.

Chukua Ernest Meissonier, Mfaransa. Aliwahusudu sana Waholanzi wale, akachora vipicha vidogo vidogo kama vyao, na studio kwake mavazi ya kale yalikuwa tele, mengine ya kushonesha kwa fundi, unamvalisha modo unamkalisha mezani basi enzi imerudi. Mchoro wake wa ugomvi wa kilabuni, La Rixe wa 1855, ulimkosha Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, mpaka akaununua akampa zawadi Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Fundi kweli, simbishii! Lakini ile ni hamu ya watu wa zama za treni na viwanda.

Sasa nenda kwa Rembrandt mwenyewe, ule mchoro wa wakaguzi wa vitambaa wa Amsterdam wa 1662. Wanaume wamevaa nyeusi tupu, kola nyeupe bapa, kofia pana, kitabu kiko wazi mezani juu ya zulia jekundu na wanakutazama kama vile umewakatiza kikao, manyoya huyaoni popote. Hao ndio matajiri wa enzi ile. Na utajiri wa Uholanzi ya karne ile ulitoka pia kwenye biashara ya watumwa na mashamba ya Suriname, koloni lao la Amerika Kusini, ambako utumwa ulifutwa 1863, yani Meissonier yuko kazini kabisa, ila kwenye vipicha vyake vya wacheza karata na wavuta kiko hilo hulikuti.

Wachoraji siwalaumu hata kidogo, maana hata Rembrandt mwaka 1640 alijichora na nguo za karne iliyomtangulia, alishaona picha za Waitaliano wa karne hiyo, Raphael na Titian, naye akataka kukaa safu moja na wakubwa hao, na mimi picha ile naipenda kuliko zake zote.

Ninaowaomba ni nyie wa magazeti: chini ya picha wekeni jina la mchoraji na mwaka aliochora, hata kwa herufi ndogo, maana nguo peke yake haitoshi kutuambia ni ya lini.

Msomaji wenu