Mhariri, AI bado haijawa ubongo, punguzeni chumvi

Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa wenu wa teknolojia nakutana na kichwa cha habari kwamba mashine sasa inafikiri kama binadamu, sijui wanasayansi wameunda ubongo wa kompyuta, na nadhani imefika mahali mtu awaambie kuwa hapo mnatia chumvi. Siipingi AI, yaani akili bandia, naitumia na inanisaidia sana tu. Nnachopinga ni hii kutuaminisha kwamba kuna mtu kashanakili ubongo akauweka kwenye kompyuta.

Na magazeti hayajaanza leo. Mwaka 1958 mtafiti Frank Rosenblatt kule Marekani alionyesha waandishi kitu kinaitwa Perceptron, ilikuwa programu kwenye kompyuta ya IBM 704 ambayo baada ya majaribio 50 ilijifunza kutofautisha kadi yenye alama kushoto na yenye alama kulia. Basi, kushoto na kulia tu! New York Times likaandika kwamba jeshi la majini, ambalo ndo lilikuwa linatoa hela, linatarajia mashine ya aina hiyo ije itembee, iongee, ione, iandike, izae mwenzake na ijitambue kuwa ipo. Miaka 11 baadae watafiti Marvin Minsky na Seymour Papert wakaonyesha kwa hesabu mambo ambayo perceptron ya tabaka moja, yaani yenye safu moja tu ya neva bandia zinazojifunza, haiyawezi kabisa, watu wakapoa, utafiti wa mitandao hiyo ya neva bandia ukadorora kwa miaka.

Wazo lilitoka kwenye ubongo kweli, hilo sibishi. 1943 wanasayansi Warren McCulloch na Walter Pitts waliichukua seli ya neva wakaigeuza hesabu, inapokea ishara, zikifika kiwango fulani inawaka, zisipofika inatulia. Baadae wanasayansi Hubel na Wiesel wakachunguza jinsi ubongo wa paka unavyoona, na Kunihiko Fukushima wa Japani akatumia matokeo yao 1980 kutengeneza mtandao wa kutambua maumbo, mitandao mingi ya kutambua picha ni wajukuu wa ule. Ila toka hapo wahandisi wameshika njia yao wenyewe. AI ya sasa inajifunza kwa kupima kosa mwishoni, halafu inalirudisha nyuma tabaka kwa tabaka na kurekebisha mabilioni ya namba, njia iliyopata umaarufu 1986 kupitia kina Rumelhart, Hinton na Williams, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kuwa ubongo unafanya hivyo. Mtoto mdogo ukimwonyesha picha ya twiga mara moja mbili kashamjua. Hizi mashine kuzifundisha toka sifuri zinataka picha kwa maelfu.

Halafu kuna suala la umeme ambalo kwangu mimi ndo stori yenyewe na hamligusi. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86 na unatumia wati 20 hivi, yaani chini ya ile balbu ya zamani. Kompyuta ya kawaida memori iko kwake na prosesa iko kwake, data inakimbia huku na huko muda wote na umeme mwingi unaishia kwenye hizo safari. Kwenye ubongo hakuna mgawanyo huo, kiungo kati ya seli na seli kinachotunza kumbukumbu ndo hichohicho kinachofanya kazi, na seli isiyo na la kusema inakaa kimya. Sasa kuna watu wanaiga hilo kwelikweli, mhandisi Carver Mead alilianzisha miaka ya 80, IBM wakatoa chipu ya TrueNorth 2014 yenye neva bandia milioni 1 na ikifanya kazi inatumia kama miliwati 70 tu, Intel wana chipu ya Loihi, chuo kikuu cha Manchester wana kompyuta ya SpiNNaker ambayo 2018 ilifikisha prosesa milioni 1. Hizo ndo zina haki ya kuitwa kompyuta za kuiga ubongo, lakini hamziandiki kwa sababu haziongei wala hazitungi mashairi.

Na hata hao wakikaa na nyie watawaambia kazi bado mbichi. Kuna kamnyoo kanaitwa C. elegans, kana seli za neva 302, ramani ya jinsi zilivyoungana ilitoka 1986, na mpaka sasa hakuna programu inayoiga tabia zake zote sawasawa, maana ramani inakuonyesha nani kaungana na nani, haikwambii kila kiungo kina nguvu kiasi gani wala kemikali zipi zinabadilisha mambo njiani. Mnyoo huo!

Kwahiyo ombi langu kwa waandishi wenu, kampuni ikileta taarifa kwamba mashine yao inafanya kazi kama ubongo, waulizeni ni sehemu gani ya ubongo wameiga na inakula wati ngapi. Halafu majibu myachapishe hapohapo chini ya habari. Na mkiandika kuhusu hizo chipu ntasoma mpaka mwisho.

Msomaji wenu