Mmemwachaje paka aliyeomba radhi?

Ndugu Mhariri,

Orodha yenu ya filamu kumi bora za Tom na Jerry, iliyotoka wiki iliyopita kwenye ukurasa wa burudani, nimeisoma mara mbili na nimeshindwa kunyamaza. Nafasi saba za juu mmezigawa kwa zile filamu saba zilizopata Oscar, zilizotoka kati ya 1943 na 1953. Tuzo hizo ni haki yao, sibishi. Lakini kama kazi ilikuwa kunakili waliochaguliwa Hollywood, mlichotupa si orodha yenu. Na kwa kunakili huko mmeiacha nje kabisa filamu ambayo mimi naiweka ya kwanza: Heavenly Puss ya 1949, ambayo haikupata Oscar.

Sisemi kwa kubahatisha. Mwaka 1996 nilikuwa mwendesha deki kwenye banda la video la shemeji yangu hapa Chikongola, Mtwara. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Kaseti zilitoka Dar es Salaam kwa basi, na enzi hizo, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko. Masika yakikolea, barabara ilikatika na Kusini tukabaki na tulichonacho. Kwa hiyo kaseti moja ya katuni iliweza kuonyeshwa mwezi mzima, mpaka watoto wakajua mlango gani utafunguka na nani atatokea nyuma yake. Hapo ndipo filamu mbovu hujulikana. Mara ya tatu watu wanatoka nje kununua karanga. Filamu nzuri unaisikia kwa neno moja tu kutoka kwenye mabenchi: "Rudisha!"

Kwa kipimo hicho cha rudisha hakuna filamu iliyoifikia Quiet Please! ya 1945. Mbwa Spike anataka kulala, anamwambia Tom kwamba akisikia kelele tena atamchuna ngozi. Jerry akisikia hivyo, kazi yake inakuwa moja tu, kupiga kelele. Analenga bunduki, Tom anawahi kuziba midomo ya bunduki kwa vidole, mlipuko unamwishia mwenyewe mwilini. Kisha Jerry anaanza kudondosha balbu. Tom anazidaka zote, moja baada ya nyingine, hakuna inayopasuka, na akiwa ameshikilia rundo zima hawezi hata kupumua, Jerry anachukua mkia wa Tom na kuuchomeka kwenye soketi. Balbu zote zinawaka. Nimelirudisha tukio hilo mara nyingi mpaka mkanda ukachakaa pale pale. Kila tukifika kwenye mkia na soketi, chenga zilipita kwenye kioo kutoka juu hadi chini, nami nikalazimika kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti huku watoto wakipiga mabenchi. Ninyi mmeiweka ya sita. Ya sita!

The Cat Concerto, namba moja yenu, naiheshimu. Tom amevaa koti la heshima, anapiga piano, muziki wa mtunzi Liszt, Jerry amelala ndani ya piano na usingizi umemkatika. Mtego wa panya unaowekwa pale kidole kinapobonyeza piano ni ufundi mtupu, na pale mwishoni taa inapommulika Jerry badala ya Tom hoi, banda lilishangilia kama goli. Kwangu ni ya tatu.

Sasa nije kwenye hiyo mliyoiacha. Tom anamkimbiza Jerry ngazini, piano inaporomoka, inambana ukutani, anakufa. Roho yake inapanda hadi kituo cha treni ya mbinguni. Mbele yake kwenye foleni wapo vitoto vitatu vya paka ndani ya gunia lililolowa, na mlinzi wa geti anawatazama kwa huzuni. Mhariri, banda lenye watoto sitini lilinyamaza. Hakuna aliyehitaji kueleza lile gunia. Sote tulikuwa tumeona paka wachanga wakifungwa kwenye mfuko na kwenda kutupwa, na wengine tuliwahi kutumwa sisi.

Zamu ya Tom ikifika, anazuiwa. Maisha yake yote amemtesa panya. Treni inaondoka baada ya saa moja, na hawezi kupanda bila karatasi yenye saini ya Jerry. Katuni hizi kwa kawaida hazikumpa shemeji kazi ya kutafsiri, maana Tom na Jerry karibu hawasemi. Hata ule ukelele wa Tom anapoumia ni sauti ya William Hanna, aliyewabuni pamoja na Joseph Barbera. Lakini hapa mlinzi anaongea, kwa hiyo shemeji alisimama pembeni ya TV na kutafsiri. Ile karatasi aliiita "hati ya radhi". Sijui kama alifikiria au lilimtoka tu, ila tangu siku hiyo sijaona neno bora zaidi.

Mzee mmoja wa mtaani alikuwa amekuja kumfuata mjukuu wake aende madrasa. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi, tayari kumwita. Kwenye kioo Tom alikuwa amepiga magoti, analia, anaeleza kwa ishara kila kilichompata, na Jerry haamini, kwa sababu ameshadanganywa mara nyingi. Saa inakwenda. Chini, mbwa shetani anachochea chungu kinachotokota. Mzee akauliza, "Amesaini?" Shemeji akajibu, "Amesaini, lakini muda umekwisha." Mzee akavua kofia, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, akatazama mpaka Tom alipozinduka usingizini mbele ya moto, akakimbia kumkumbatia Jerry ambaye haelewi chochote. Kesho yake alirudi na mzee mwenzake. Walilipa shilingi 50 kila mmoja na wakataka ile ya paka wa hati ya radhi, ianze mwanzo.

Filamu ya dakika saba hivi, iliyotengenezwa Marekani, iliyowakalisha wazee wawili wa Chikongola kwenye benchi la watoto, haistahili hata nafasi ya kumi?

Mawili mengine kwa haraka. Namba tisa yenu ni kati ya zile 13 zilizotengenezwa Prague mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sauti zake zinavuma kama zimerekodiwa ndani ya pipa, na muziki haumfuati paka hatua kwa hatua kama ule wa Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa filamu za Hanna na Barbera. Kuiweka hiyo juu ya filamu zaidi ya mia moja za wawili hao ni kosa. Namba nane ni filamu ya kwanza kabisa, ya 1940, ambamo paka hakuwa hata anaitwa Tom bali Jasper. Kuwa ya kwanza si kuwa bora. Tena mngewaambia wazazi kwamba humo mna yule mfanyakazi wa ndani mwanamke mweusi anayeonyeshwa miguu na mwili bila uso. Binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona huyu hana kichwa?" Nilizima TV nikakaa naye kumweleza, na haikuwa rahisi.

Kwa hiyo naomba orodha irekebishwe: Heavenly Puss, Quiet Please!, The Cat Concerto, na kuanzia hapo pangeni mnavyoona.

Kaseti ile bado ninayo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ili unyevu wa bahari usiifikie. Nisichonacho ni deki. Yangu ilikufa zamani na vipuri vyake sijavipata. Kama yuko msomaji wa Mtwara au Lindi mwenye deki inayocheza, aache ujumbe ofisini kwenu, nitaifuata popote, hata Nachingwea.

Mwendesha deki wa zamani,
Chikongola, Mtwara